Usimtoe Bi Swafia dukani

Swali limetoka kwa binti mmoja wa Malindi: "Asalaam aleikum Maalim. Naandika riwaya ya upelelezi. Mhusika wangu ni Bi Swafia, mama wa miaka hamsini na kitu mwenye duka la vitabu Lamu, mtaa wa Langoni. Mteja wake mmoja, mwalimu mstaafu, anakutwa amekufa chini ya ngazi za nyumba yake na watu wanasema ameteleza. Nimefika sura ya saba nimekwama. Kila nikitaka Bi Swafia apeleleze najikuta namtuma kwenye majumba ya watu kuuliza maswali kama askari, na wenzangu kwenye grupu wanasema haiingii akilini, mwanamke wa Lamu hawezi kufanya vile na polisi wapo. Nimgeuze awe polisi mstaafu, ama nihamishe hadithi yote Nairobi?"

Waaleikum salaam warahmatullah mwanangu. Nakujibu kabisa kabla sijaanza kueleza: polisi usimgeuze, na Nairobi usiende. Wenzako wa kwenye grupu wameona kosa la kweli lakini dawa waliyokupa siyo. Ni kweli mama wa makamo wa Langoni hawezi kutoka na daftari mkononi akawa anapiga hodi nyumba za watu kuuliza fulani ulikuwa wapi jana usiku, ataulizwa yeye kwanza ana nini, na magharibi haijaadhiniwa mji mzima ushajua. Lakini kwani nani amesema lazima atoke? Ana duka. Duka la vitabu Lamu ni mahali mji unakuja wenyewe, mmoja mmoja, na kila anayekuja ana karatasi yake mkononi. Wewe umemjengea duka zuri sura ya kwanza, nimeisoma mara mbili, ile harufu ya udi na karatasi, ule mlango unaokwama wakati wa mvua, alafu sura ya tatu ukamtoa na mpaka leo hajarudi. Hapo ndipo ulipokwama, sio sura ya saba.

Hilo la "polisi wapo" lisikukoseshe usingizi. Upelelezi katika Kiswahili mmoja wa mababa zake hakuwa polisi. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alipotoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, Bwana Msa wake alikuwa raia tu, na kiko chake na rafiki yake Najum, na wasomaji wakamfuata kitabu baada ya kitabu. Huko Uingereza riwaya ya kwanza ya Miss Marple wa Agatha Christie ilitoka 1930, bibi wa kijijini, hajaolewa, anafuma sufu na kuangalia bustani yake, na kinachomfanya awatangulie maaskari ni kwamba anawajua watu. Hizi riwaya za mji mdogo, damu kidogo, watu wote wanajuana, mimi huziita upelelezi wa barazani. Na Lamu ndio kwao hasa, yaani mji ambao gari ni za kuhesabu, njia nyembamba hata punda mwenye mzigo akipita wewe unajibana ukutani, kuingia na kutoka ni kwa chombo, na mtoto akikatiza mtaa mtu atakwambia wa nani na mama yake katoka mtaa gani. Ukimpeleka Bi Swafia Nairobi utakuwa umemnyang'anya kila kitu alichonacho.

Sasa turudi dukani, na hapa nitakaa sana kwa sababu ndipo jibu lako lilipo. Mimi kabla ya uhariri nilikaa kwenye duka la vitabu miaka kumi na mbili, duka dogo tu, na nakwambia riwaya nyingi nilizoletewa zenye duka la vitabu ndani yake zinaandika duka la ndoto, mashelfu mpaka juu, paka, chai, mteja anakuja kununua riwaya. La kwetu halikai hivo. La kwetu Januari ni vita, wazazi wamejazana na listi za shule, huyu anataka daftari za mistari huyu za hesabu, kuna misahafu, kuna juzuu, kuna vitabu vya madrasa, kalamu, gundi, manila, kadi za harusi, na pembeni kabisa kuna mashine ya fotokopi, na mashine hiyo mwanangu ndiyo inayolipa kodi ya duka. Umeisahau mashine! Sijaiona sura hata moja. Fikiria nani anakuja kutoa kopi: anayeuza shamba, anayefungua kesi, anayeoa mke wa pili na hajamwambia wa kwanza, anayetafuta pasi ya kusafiria, anayerithi. Kitambulisho, hati ya ndoa, hati ya shamba, barua ya daktari, vyote vinapita chini ya mkono wa Bi Swafia na yeye hajauliza swali hata moja, watu wamemletea wenyewe na wamemlipa juu.

Na kuna kitu kila mwenye mashine anakijua. Mtu anachukua kopi zake, analipa, anatoka mbio, na asili anaiwacha imelala kwenye kioo chini ya kifuniko. Anayekuja baada yake akifunua ndio inaonekana. Nilishawahi kumuona mtu mzima anarudi akitweta, jasho linamtoka, kwa karatasi moja tu aliyoisahau, na uso wake ukanambia karatasi ile ina uzito gani kuliko ningeisoma. Sikuisoma. Bi Swafia asisome pia, ni mtu wa heshima, lakini uso auone.

Alafu bahari. Lamu chumvi inakula kila kitu. Pini ya stapla ukiibana kwenye karatasi leo, ikaa miaka miwili mitatu kwenye nyumba iliyo karibu na maji, ishaota kutu na imeacha doa la kahawia kwenye karatasi, ukiigusa inakatika. Muuza vitabu anaona hilo kila siku, ndio manake anaogopa kununua stoku kubwa. Sasa aje mtu na mkataba wa kuuza nyumba, ati umeandikwa miaka ishirini nyuma na marehemu mwenyewe kaweka sahihi, karatasi imegeuzwa rangi vizuri, imekunjwa imechakaa, na pini inang'aa kama imetoka kwenye paketi asubuhi. Wakili hataiona hiyo, na OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, ambaye ameletwa mwezi uliopita kutoka bara hataiona. Bi Swafia ataiona kabla hajauliza anataka kopi ngapi, na asiseme kitu, apige kopi zake, apokee pesa, na msomaji aone tu kwamba amepapasa ile pini na kidole gumba. Basi. Sura nzima imesimama juu ya pini moja na hajatoka nyuma ya kaunta.

Hilo ni la kwanza. La pili nakupa zawadi, litumie ukitaka, kwa sababu nilipokuwa nasoma sura yako ya kwanza pale ulipoandika kwamba duka linaazima makasha ya juzuu kwa ajili ya hitima nilisimama nikasema huyu binti ameshika ufunguo na hajui kama ni ufunguo. Hebu tuangalie. Kasha moja lina juzuu thelathini. Nyumba ikifiwa linaazimwa, watu wanagawana, huyu anasoma ya tano huyu ya kumi, zikiisha zinarudishwa kashani na kasha linarudi dukani. Mwenye duka anayejua kazi yake kila juzuu ameipiga muhuri na kuandika namba ya kasha ndani ya jalada, manake zisipoandikwa zinachanganyika. Na kila kasha likirudi anahesabu. Sio kwa kushuku mtu, ni mazoea ya mkono, kama muuza nguo anavyokunja.

Sasa mwalimu amekufa usiku wa kuamkia Alhamisi. Kasha la kwanza limeenda nyumbani kwake, upande wa wanawake, ndani. Kasha la pili Jumatano laasiri, yaani kabla hajafa, lilikuwa Mkomani, mtaa ule ule wa mwalimu, kwenye kisomo cha watu wengine kabisa. Kasha la kwanza likarudi na mtoto. Bi Swafia anahesabu, thelathini na moja. Anahesabu tena. Ya kumi na mbili ziko mbili, na moja jalada lake lina namba ya kasha la pili. Imefikaje? Imefika kwa njia ambayo kila mama wa pwani ataijua bila kuelezwa: kuna mtu alikuwa kwenye kisomo Mkomani Jumatano, akapewa ya kumi na mbili, hakuimaliza, akaitia kwenye mkoba akasema nitamalizia nyumbani, alafu kukazuka msiba huku, akaja, akaimaliza hapa na akaitia kwenye kasha lililokuwa mbele yake. Hakufanya ubaya wowote, kafanya jambo la kheri. Lakini mpwa wa marehemu, yule uliyemuita Nuru, amewaambia watu wote kwamba alikuwa Malindi wiki nzima na amefika Lamu Ijumaa baada ya kupigiwa simu. Na ya kumi na mbili ile ndani yake ina kijikaratasi cha kuashiria ukurasa, kimechanwa kwenye kadi ya kliniki yenye jina lake.

Unaona mwanangu? Hakuna aliyehojiwa. Ushahidi umekuja na mtoto, juu ya kichwa cha mtoto, na mtu pekee katika mji mzima ambaye angeweza kuusoma ni mwenye kasha. Hicho ndicho kipimo changu kwa kila dalili utakayoiweka kwenye hii riwaya: je mwenye duka la kanga angeiona? Angeiona OCS? Kama jibu ni ndio, itoe, ama mpe mtu mwingine, hiyo sio ya Bi Swafia.

Na Nuru asiwe muuaji, tafadhali. Amedanganya, lakini amedanganya kwa sababu Jumatano alikuja Lamu kwa siri kwenda kliniki, na hataki watu wa mumewe wajue. Hapa ndio nguvu ya mji kama wetu ilipo. Wenzetu wakiandika upelelezi inabidi watafute kwa nini watu watano wasio na hatia wote waseme uongo. Sisi hatutafuti, tuna neno moja, kusitiri. Kila nyumba ina jambo imelisitiri, deni, talaka ambayo haijatangazwa, kijana aliyeanza kutumia madawa, binti anayeandikiana na mtu asiyetakikana. Watu wako wote wadanganye na wadanganye kwa mapenzi, kulinda mtu mwingine, na mmoja tu kati yao anajilinda mwenyewe. Msomaji wa pwani hatawachukia hata mmoja, atakuwa anawaonea huruma huku anawashuku.

Kuhusu kuingia nyumba za watu. Wenzako wamesema mwanamke wa Lamu hawezi, mimi nakwambia mwanamke ndiye anayeweza, mwanamume ndiye hawezi. Nyumba ya mawe ya Lamu ukiitazama vizuri ishapangwa kama riwaya. Kuna daka nje na viti vyake vya mawe, mgeni wa kiume anaishia hapo. Kuna kiwanda katikati, yaani ua wa ndani, kuna msana, yaani ukumbi, alafu ndani, na ndani hafiki ila wa nyumba. Polisi wako atakaa dakani na kikombe cha kahawa na ataondoka na heshima zote na hakuna alichokijua. Bi Swafia anapita. Ukiongeza wikio, kile chumba kilichojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, mtu anaweza kutoka nyumba moja akatokea nyingine na waliokaa barazani chini wakaapa kwa Mungu hawajamuona mtu akipita, na wote wakawa wanasema kweli. Nimeshangaa hukutumia wikio hata mara moja, na nyumba ya mwalimu umeiweka Mkomani ambako zipo.

Na mjane wake! Umemfanya shahidi lakini umempeleka sokoni siku ya kumi, hapo watu wa Lamu watafunga kitabu. Mjane yuko eda, miezi minne na siku kumi, hatoki bila dharura na hakai na mwanamume asiyekuwa maharimu wake. Wewe umeliona hilo kama kikwazo ukalipita pembeni, mimi naona ni hazina. Mtu aliyelala nyumba moja na marehemu usiku ule, aliyesikia kilichosikika kwenye ngazi, yuko ndani ya kuta nne kwa karibu siku mia moja na thelathini, na anayeweza kwenda kukaa naye kitako na kumsomea ni Bi Swafia. Asimuulize kitu. Amletee kitabu cha dua chenye herufi kubwa kwa sababu macho yamechoka kwa kulia, akae, anyamaze, aje tena wiki inayofuata. Ziara ya tatu mjane ataongea mwenyewe. Na dogo moja ataliongea bila kujua uzito wake: kwamba usiku ule hakusikia hodi. Mtu wa kwetu anapiga hodi mara tatu, asipojibiwa anarudi. Nani basi angeingia usiku bila hodi? Ni mtu wa nyumba, ama mtu aliyepitia pasipo na mlango. Na tushasema kuhusu wikio.

Maiti. Hapa sitakaa sana ila lirekebishe. Umeandika mwili ukakaa siku tatu hospitali ukingoja daktari kutoka Mombasa na watu wa nyumbani wametulia tu. Haiwi. Mtu akifa usiku na kila mtu anaamini ameteleza, adhuhuri ama laasiri yuko kaburini, na kuja kumfukua baadae kunahitaji amri ya mahakama na ni jambo zito hata kulitamka mbele ya watoto wake. Wacha azikwe. Shaka izidi kuingia baada ya mazishi, ndio inakuwa upelelezi wa vitu, wa karatasi na pini na juzuu, na vitu ndio lugha ya Bi Swafia. Pia itakuokoa na damu, ambayo msomaji wa riwaya hizi hakuifuata.

Sababu ya kuuawa nayo umeiacha dhaifu, ati deni la shilingi elfu themanini. Mwalimu uliyetuchorea alikuwa anakusanya tenzi za zamani zilizoandikwa kwa mkono kwa hati za Kiarabu, mbona humuui kwa hicho? Hii ni nchi iliyotoa utenzi wa Al-Inkishafi, hii ni Lamu ambayo Mwana Kupona alimwandikia bintiye utendi wake mwaka 1858, miswada kama hiyo mingi ishatoka majumbani ikaishia kwenye maktaba za SOAS London na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na iliyobaki imo kwenye makasha ya mbao na vidakani. Kuna jambo ndani ya sheria ambalo hukulijua na litakusaidia sana: Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kenya ya 2006 inaulinda mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1946, lakini inapoeleza kitu cha kale ni kitu gani, kilichotengenezwa kabla ya 1895, inatoa nje vitabu na nyaraka. Yaani mlango wa mwalimu una ulinzi kuliko kitabu kilichokuwa nyuma ya mlango huo. Mnunuzi wa nje anajua, dalali anajua. Kinachowazuia ni kitu kimoja tu, ukurasa wa kwanza, kwa sababu babu wa mwalimu aliandika hapo kwamba kitabu hiki ni wakfu, hakiuzwi wala hakirithiwi. Kwa hivo ukurasa unakatwa na unaandikwa mwingine.

Na hapa mpe Bi Swafia saa yake kubwa. Analetewa kile kitabu akitazame, ama akione kwa dakika mbili tu mikononi mwa mtu. Vitabu vile havina namba za kurasa. Mwandishi alikuwa akimaliza ukurasa wa kulia anaacha chini yake neno moja dogo, na neno hilo ndilo linaloanzia ukurasa unaofuata, ili karatasi zikitawanyika zipangike. Bi Swafia anafunua. Ukurasa wa kwanza, wino sawa, mwandiko umeigizwa sawa, chini pale pembeni pameachwa patupu, aliyeghushi alidhani ni uchafu tu hajajua lile neno lina kazi. Anafunua wa pili, wa tatu, maneno yapo. Alafu anainua kitabu kwenye mwanga wa dirisha. Wadudu walitoboa tundu moja kuanzia jalada la nyuma, limepita karatasi zote hamsini pahali pamoja, ukitia sindano inapita, mpaka karatasi ya pili. Ya kwanza nzima, na jalada la mbele nalo limetobolewa pale pale. Mdudu hawezi kuruka karatasi. Andika hapo taratibu, usikimbie, mwanga, vidole, vumbi la karatasi kwenye buibui lake, na aliyekileta kitabu amesimama anamtazama.

Polisi wako usiwafanye wapumbavu. Nimechoka kuona hilo na si haki. Wana kazi yao, wanaandika stetimenti, wanakamata, wanalinda ushahidi, na Bi Swafia hana ruhusa ya hata kimoja kati ya hivyo. OCS awe mtu makini ila wa bara, Kiswahili chake cha shule, anasikia mtu akisema ndia badala ya njia, moya badala ya moja, mui badala ya mji na anadhani amekosea kusikia. Awe anakuja dukani kununua vitabu vya hadithi vya binti yake aliyemuacha kwao, waongee kwa heshima, yeye anamwita mama, Bi Swafia anamwita afande mbele za watu na mwanangu wakiwa peke yao. Ukishajenga hivo, siku atakapomtolea ile pini na ile juzuu juu ya kaunta, atasikiliza. Kiamu chenyewe, hiyo lahaja ya Lamu, weka kidogo tu kwenye midomo ya wazee na usikitafsiri, msomaji wa Kisumu ama Mwanza ataelewa kutokana na mazungumzo.

Jambo la maji uliuliza mwishoni mwa barua, kama ni sawa mshukiwa aseme alikuja kutoka kisiwa cha Pate saa kumi jioni. Inategemea siku. Mkanda ule, mlango wa maji kati ya Manda na bara, zamani ulikuwa mchache kina, maji yakipwa vizuri chombo kikubwa kidogo kilikuwa hakipiti ila kuzunguka kwa nje. Na maji yanachelewa kama dakika hamsini kila siku, kwa hivo ukishaamua siku ya mwezi wa kiarabu, saa ya maji kujaa na kupwa hauichagui tena wewe, imeshajichagua. Kama umeweka mwezi mpevu usiku wa kifo basi ni bamvua, maji makubwa yanajaa sana na kupwa sana, na mvuvi yeyote akisoma atakupigia hesabu. Tafuta nahodha mmoja hapo Malindi ukae naye nusu saa na kalenda. Uongo wa mshukiwa ukishikwa na maji ni mzuri sana lakini wape wavuvi waushike barazani, wakibishana, Bi Swafia asikie tu akipita.

Mwisho kuhusu haki kwa msomaji. Mwaka 1929 padri mmoja wa Uingereza aliyekuwa mwandishi, Ronald Knox, aliandika kanuni kumi za riwaya hizi, na mbili nazishikilia mpaka leo: bahati nasibu isimsaidie mpelelezi, na dalili aliyoiona mpelelezi msomaji naye aonyeshwe. Sisi tulikuwa nayo zamani kwenye vitendawili. Anayetega lazima aseme yote, kilichofichwa kiwe ndani ya maneno aliyoyatamka, ndio manake anayeshindwa anakubali kutoa mji bila kinyongo. Wewe sura ya sita umemfanya Bi Swafia aote ndoto ikamuonyesha dalali. Itoe. Kila kitu nilichokutajia hapa kitangulie kuonekana mapema kikiwa cha kawaida kabisa. Pini zenye kutu ziwe kwenye sura ya kwanza, anazing'oa kwenye madaftari ya zamani na kulalamika bei ya stapla. Kuhesabu juzuu kuwe kwenye sura ya pili, kasha la watu wengine, thelathini kamili, hakuna lolote. Lile neno la chini ya ukurasa mwalimu mwenyewe amuonyeshe mjukuu wake akiwa hai, kwa furaha, kwa sababu alikuwa mwalimu na hakuweza kuacha kufundisha. Hapo pia tutampenda, na kifo chake kitatuuma.

Kwa hivo sura ya saba ianze upya. Asubuhi, nusu ya duka bado imefungwa, punda wa mchanga wanapita nje na mtu anawapigia kelele, kijana wa fotokopi hajaja. Mtoto wa jirani analeta kasha kichwani, analitua juu ya kaunta, anasema mama amesema ahsante. Bi Swafia anampa peremende, anafungua kasha, anaanza kuhesabu huku anaongea na mtoto habari za shule, amefika ishirini, amefika thelathini, na mkono wake bado umeshika moja. Mtoto anamuuliza, "Bibi, mbona umenyamaza?"